Simu ninayo. Kwa nini niendelee kumchora mama kwa penseli?

Penseli Butu:

Wakuu, habari za jioni. Dada yangu kaniuliza swali Jumapili na mpaka leo limenikaa kooni, naona bora nilimwage hapa.

Nilikuwa mchora ramani za majengo kwa miaka kumi na tisa. Enzi za meza iliyoinama, rula ya T na kalamu za wino zenye ncha za unene mbalimbali. Ukikosea, unaukwangua wino kwa nusu ya wembe, taratibu, pumzi umeibana usije ukatoboa karatasi. Kompyuta ilipoingia, meza ikatolewa nje nami nikahamishiwa kwenye mafaili. Sina kinyongo, ramani ya kompyuta ni safi kuliko zangu zote. Nayasema haya ili mjue kwamba mkono wangu una mazoezi, ila ni mazoezi ya kuta na ngazi. Watu sijawahi kuwachora.

Mwaka jana mama alianza kudhoofika. Haumwi, ni umri tu. Asubuhi anakaa karibu na dirisha, na mimi ndiye ninayeshinda naye. Siku moja nikatoa penseli iliyobaki kwenye kasha langu la kazi, 4H, nikamchora. Nilipomwonyesha, aliitazama karatasi muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, haya meno ni ya nani?"

Nilikuwa nimechora kila jino na mstari wake, kama tofali ukutani. Tukacheka wote wawili, na alipofungua kinywa kucheka ndipo nikaona kwamba ana meno machache sana kuliko niliyompa. Nina miaka hamsini na tatu, nimekula na mama huyu meza moja maisha yangu yote, na sikujua kwamba meno yake yamekwisha.

Tangu siku hiyo nimemchora mara thelathini na moja. Dada anaona namsumbua. "Unamkodolea macho mama saa nzima kama unamhoji. Mpige picha, umwache apumzike." Anasema pia kwamba hakuna mchoro hata mmoja uliofanana naye, na kwa hilo hajakosea.

Sasa nauliza kwa dhati, sitafuti sifa. Mchoro una kitu gani ambacho picha ya simu haina? Au mimi ni mzee tu aliyeikumbuka meza yake?

Bomba la Mvua:

Mzee, mbona rahisi. Piga picha, itie kwenye programu ya akili mnemba, uiambie iibadilishe iwe mchoro wa penseli. Sekunde tano. Dada anafurahi, mama anapumzika.

Penseli Butu:

Mpwa wangu alishafanya hivyo. Ulitoka mchoro mzuri kweli, nywele moja moja, kivuli kimelala vizuri shavuni. Na kinywani ilimpa mama meno yote, juu na chini. Anayo kumi na moja. Kwa hiyo programu na mimi tulikosea kosa lilelile, tofauti ni kwamba mimi nilisahihishwa.

Mkaa na Vumbi:

Kaka Penseli, nimefundisha kuchora miaka ishirini na miwili, nivumilie nikianza na mambo ya mkononi kabla ya kufika kwenye swali lako.

Hiyo 4H iweke chini. H ni ugumu. Tangu Mfaransa Conté alipochanganya unga wa grafaiti na udongo wa mfinyanzi mwaka 1795 na kuuoka tanuruni, ugumu wa penseli unategemea kipimo cha udongo: ukizidi, ncha ni ngumu na mstari ni mwembamba wa kijivu, mzuri kwa ukuta wa jengo. Uso wa mama hauna mstari wa namna hiyo mahali popote. Tafuta 4B, ambayo ni laini na nyeusi, au kipande cha mkaa, uone mkono wako utakavyobadilika wenyewe.

La pili, meno. Usiyachore. Nasema kweli. Chora kivuli kilicho chini ya mdomo wa juu, chora giza la pembe za kinywa, halafu nafasi ya meno iache karatasi tupu. Ukizungushia jino mstari, uso unageuka kinyago, hata awe binti wa miaka ishirini. Hili linawashinda karibu wote wanaotoka kwenye ramani, kwa sababu ofisini kila mstari ulikuwa na maana yake: mnene ni ukuta uliokatwa, mwembamba ni kitu cha mbali. Mkono wako unaamini kwamba kila kitu lazima kiwe na ukingo. Shavu halina ukingo, lina mahali linapogeuka tu.

Sasa swali. Mwaka 1514 Mjerumani Albrecht Dürer alimchora mama yake kwa mkaa. Mama huyo, Barbara, alikuwa amezaa watoto 18 na wengi wao walikufa. Ukiupata mchoro wenyewe, utazame taratibu. Shingo imebaki mishipa na mifupa, paji la uso lina mikunjo iliyojaa hadi chini ya kitambaa, na jicho moja linatazama pembeni. Hakumpendezesha hata kidogo. Dürer huyu alikuwa bingwa wa mistari myembamba iliyonyooka, kazi zake za kuchonga kwenye shaba zina usafi wa kutisha. Kwa mama yake aliacha usafi akashika mkaa.

Juu yake aliandika kwamba huyu ni mama yake Albrecht Dürer, alipokuwa na miaka 63. Miezi miwili baadaye mama akafariki. Akaurudia mchoro uleule, safari hii kwa wino, akaongeza siku aliyokufa. Mkaa wa Machi na wino wa Mei kwenye karatasi moja. Kila nikiwaonyesha wanafunzi, siwaambii kitu kuhusu wino huo mpaka wauone wenyewe.

Dada yako anadai hakuna uliofanana naye. Mwulize: upi unamsumbua zaidi?

Lenzi 50:

Naona mmekubaliana mapema mno, ngoja nikorofishe. Mimi ni mpiga picha, nimeishi kwa kamera, na nimechoka kusikia kwamba picha "inanasa tu" ilhali mchoro "unaona". Mpiga picha anayejua kazi yake naye hungoja. Kuna siku nimekaa na mzee mmoja saa tatu kwa ajili ya fremu moja, nikisubiri mwanga wa dirishani ushuke ufike kwenye vidole vyake. Nilikuwa namwona au simwoni?

Tena niwape historia ambayo wachoraji huwa hawaisimulii. Oktoba 1833, Mwingereza William Henry Fox Talbot alikuwa kando ya Ziwa Como, Italia, akijaribu kuchora mandhari. Alikuwa na kamera lusida, kijioo cha pembe kinachokuonyesha mandhari kana kwamba yamelala juu ya karatasi yako, kazi yako ni kufuatisha tu. Akafuatisha. Alipoondoa jicho kwenye kioo, mchoro ulikuwa wa kusikitisha. Hapo ndipo wazo lilipomjia: je, mandhari hayawezi kujichora yenyewe kwenye karatasi? Miaka michache baadaye alikuwa ameshapata njia. Kwa hiyo sisi wapiga picha babu yetu mmoja ni mtu aliyeshindwa kuchora, wala sioni aibu. Wengi wenu mmeshindwa vilevile, ila hamkuvumbua kitu.

Penseli Butu, mchoro wako unatueleza habari zako kuliko habari za mama. Wajukuu watakaokuja watataka kujua alikuwaje, si mkono wako ulitetemekaje. Mpige picha. Mwanga wa pembeni, usitumie flashi, na usisahau mikono.

Mkaa na Vumbi:

Lenzi, hiyo hadithi ya Talbot naipokea kwa mikono miwili, ila umeikata mkia. Alipotoa kitabu chake cha kwanza cha picha mwaka 1844, jina alilokipa lilikuwa na neno penseli ndani yake. Penseli ya maumbile. Alishindwa nayo lakini hakuiacha.

Na kamera lusida ni ushahidi wangu, si wako. Mandhari yote yalikuwa pale juu ya karatasi, tayari, bila kuhesabu wala kupima. Bado hakuweza. Maana yake tatizo lake halikuwa kupata umbo, lilikuwa kuamua: mstari upi uwepo, upi uachwe.

Penseli Butu:

Asanteni. Nilinunua 4B. Mama kaupokea mchoro wa kwanza wa penseli hiyo kwa maneno haya: "Sasa umeninyima yote." Meno, nadhani.

Lenzi, nimekusikia, na maneno yako yamenifanya nifungue simu. Nina picha mia mbili na kumi na mbili za mama. Nimezipitia zote jana usiku. Nzuri zipo, na moja aliyoipiga mpwa wangu inafanana naye kuliko chochote nitakachochora mimi mpaka nife. Lakini nyingi sikumbuki ni siku gani wala nilikuwa wapi ndani ya siku hiyo. Nilibonyeza nikaendelea na mambo yangu.

Halafu nikafungua daftari. Mchoro wa tisa, bega la kushoto halipo. Kuna shingo, kuna mwanzo wa kola, kisha karatasi tupu. Bega hilo nalikumbuka. Nilikuwa nimefika hapo mama alipoanza kunisimulia jinsi alivyoiba viatu vya kaka yake ili aende navyo shule, akavijaza karatasi mbele kwa sababu vilimzidi, na njiani karatasi zikalowa, akawa anatembea huku miguu inalia kama chura. Nilicheka nikaweka penseli chini. Bega halikuchorwa tena.

Sijui kama hilo ni jibu. Mchoro wa kumi na saba una pua mbili, kwa sababu alisinzia na kichwa kikainama, nami nikaendelea pale kilipofikia. Ukimwonyesha mtu atasema nimekosea. Mimi naona usingizi ulipoingia.

Jani Bichi:

Niingize neno kutoka upande mwingine kabisa. Mimi huchora mimea kwa ajili ya wanasayansi. Ndiyo, mpaka leo, pamoja na kamera zote hizi. Mmea mpya ukielezwa kwa mara ya kwanza, mara nyingi bado unatakiwa mchoro wa wino mweusi, na watu huniuliza swali lilelile la dada yake Penseli.

Kazi yenyewe huwa hivi. Naletewa mmea uliokaushwa, umebanwa bapa kama barua. Ua nalilowesha kwenye maji ya moto mpaka lilainike, nalipasua chini ya hadubini, nahesabu stameni, zile nyuzi za ua zenye chavua, napima. Nikimaliza, ukurasa mmoja unaonyesha tawi zima, ua lililofunguliwa, tunda, mbegu, na unywele wa jani uliokuzwa mara nyingi. Hakuna siku hata moja ambapo mmea ule ulikuwa na vitu hivyo vyote kwa pamoja, na hakuna lenzi inayoweza kuviona vyote kwa mkao mmoja. Kivuli natia kwa nukta. Nukta elfu kadhaa kwa jani moja, mgongo ndio unaolipa.

Picha ya kamera itaonyesha jani hili, lililotobolewa na mdudu na kukunjika ncha. Kazi yangu ni kumwondoa mdudu. Nachora jani ambalo ukilibeba kichwani utalitambua kila jani la aina yake.

Ndiyo maana nilipokuwa nasoma habari za meno kumi na moja nilicheka peke yangu. Penseli Butu anafanya kinyume changu kabisa. Yeye anamtafuta mdudu. Akichora mama wa kila mtu, amekwisha, kama ile programu. Na wote wawili tunatumia chombo kilekile, kwa sababu hakuna kinachoingia kwenye karatasi bila sisi kukiruhusu. Lenzi, kwako vitu huingia vyenyewe na kazi yako ni kuvizuia. Sisemi ni duni. Ni kazi nyingine.

Lenzi 50:

Hilo la kuzuia nimelipenda, nitaliiba. Lakini bado mikono ipigwe picha.

Bomba la Mvua:

Swali la kijinga kidogo. Kama kuchora kunamfundisha mtu kuona, mbona kuna watu wanaona vizuri tu na hawajui kuchora hata kikombe?

Mkaa na Vumbi:

Si la kijinga. Nikujibu kwa mwezi, ule wa angani.

Mnamo Julai 1609 Mwingereza Thomas Harriot aliuelekezea mwezi darubini na kuuchora. Mchoro wake upo. Ni mpaka kati ya nuru na giza, umekatikakatika, na madoa machache. Mwishoni mwa mwaka uleule Mwitaliano Galileo naye akatazama. Yeye alikuwa amejifunza kuchora, anajua kivuli kinavyolala juu ya kitu chenye mwinuko. Aliona vijidoa vya nuru ndani ya upande wa giza, akaelewa kwamba ni vilele vya milima vilivyoanza kupigwa na jua huku mabonde bado yamelala gizani. Akavichora kwa wino uliotiwa maji, akavitoa kitabuni mwaka 1610. Baada ya hapo, Harriot akachora tena. Safari hii mashimo na milima ikawepo.

Kwa haki ya Harriot, darubini ya Galileo ilikuwa na nguvu zaidi, na hilo lina uzito wake. Lakini wanahistoria wengi hawaachi kulitaja lile somo la vivuli. Harriot alikuwa mwanahisabati wa kuogopwa, macho yake yalikuwa mazima. Hakuwa amewahi kulazimika kujiuliza doa jeusi linatokana na nini.

Kwa hiyo Bomba, ndiyo, unakiona kikombe. Sasa nichoree mdomo wake ukiwa umeinama kidogo, uniambie upande upi wa duara ni mpana. Utakitazama kikombe hicho kwa mara ya kwanza.

Bomba la Mvua:

Nimejaribu. Kinafanana na kiatu. Narudi tena nacho kesho.

Penseli Butu:

Wiki mbili zimepita, nimerudi na habari.

Kwanza, Lenzi, nimempiga mama picha ya mikono. Mwanga wa dirishani, bila flashi, kama ulivyoagiza. Ni nzuri mno, dada kaiweka kwenye simu yake. Sikujua kidole chake cha pete kimepinda hivyo. Kisha nikamchora mikono hiyohiyo, mbele yake, si kutoka kwenye picha, kwa sababu kwenye picha mikono haichoki.

Pili, nilifanya alichosema Mkaa. Nilimuuliza dada mchoro upi unamsumbua zaidi. Akalipekua daftari huku amesimama, mkoba begani, kwa haraka ya mtu anayetaka kuthibitisha hoja. Akasimama kwenye wa ishirini na sita. Huo nilimchora mama akiwa amegeukia dirisha, uso hauonekani kabisa, ni kisogo, sikio na mteremko wa mgongo tu. Dada akasema, "Huu uache." Nikamuuliza una nini. Akaniambia niache maswali yangu, akakaa. Sijui alichokiona. Hakuna meno hata moja kwenye mchoro huo.

Jana nimemaliza wa thelathini na nne, kwa mkaa. Nikamsimulia mama habari za yule Dürer na mama yake, bila ule mwisho wa wino. Akataka naye aandikiwe. Nikaandika jina lake na miaka 79. Akabisha, anasema 77, na kwamba mwaka wake wa kuzaliwa ulikisiwa na karani aliyekuwa na njaa. Tumebishana robo saa. Nikafuta kwa kidole, mkaa haukutoka wote, kwa hiyo 7 ya pili imekalia juu ya 9 na zote mbili zinaonekana.

Halafu akaniambia niongeze maneno mengine, akaniimlia mwenyewe, na nimeyaandika kama yalivyo chini ya mkono wa kulia: "Hapa nimekaa tangu chai ya asubuhi, mgongo unaniuma, na mtoto bado anapima."